Klasi niliyobuni inamfunika mpiganaji. Nimpunguzie huyu au nimwongezee yule?

MshumaaMezani:

Wakuu, habari zenu. Nina jambo linaloninyima raha kabla ya kila kikao, naomba mnisaidie kulifikiria.

Ninaendesha mchezo kwa meza ya wachezaji watano. Tunatumia toleo la tano la Dungeons & Dragons, lile la 2014, mchezo wa mezani ambao kila mtu anaigiza mhusika na dadu zinaamua matokeo, na baada ya vikao kumi na vinne tumefika ngazi ya 6. Tuna mpiganaji, mwizi, kasisi, mchawi, na wa tano anacheza klasi (aina ya mhusika na uwezo wake) niliyoibuni mwenyewe. Inaitwa Mshika Taa.

Wazo lilinijia nikitazama karatasi za wahusika. Kila kundi linaloingia pangoni hubeba mienge, lakini mwenge haujawahi kuwa kazi ya mtu, ni mstari mmoja tu kwenye orodha ya mizigo. Nikataka mtu ambaye mwanga ndio silaha yake na mafuta ndiyo pumzi yake. Nilikaa na daftari wiki tatu. Mshika Taa anaamka na vipimo vya mafuta mara mbili ya ngazi yake, kwa hiyo sasa anavyo 12. Kwa kipimo kimoja anamhamisha mwenzake mita 9 kupitia kivulini, na hakuna adui anayewahi kumpiga njiani. Kwa viwili anamulika chumba na kila kilichofichwa kinaonekana: mlango wa siri, mtego, nyayo za jana, hata anayesema uongo kivuli chake kinatikisika ukutani. Kwa vitatu anawasha Mwanga Mkali: maadui wote walio ndani ya mita 6 wanaumia kwa dadu 5 za pande 6, nusu yake kwa anayefaulu kujinusuru, na asiyefaulu anakuwa kipofu mpaka zamu yake inayofuata iishe. Mafuta yanarudi akilala usiku kucha.

Kikao kilichopita walikutana na walinzi wanne kwenye daraja, kila mmoja kinga 15 (namba ambayo anayempiga lazima aifikie kwa dadu), uhai 40 (madhara anayoweza kubeba kabla ya kuanguka). Mshika Taa akatangulia, akawasha, watatu wakapofuka. Zamu ya mpiganaji ilipofika nikamwuliza anafanya nini. Akasema, "Napiga." Hakusema anampiga nani. Hakutazama ramani. Alirusha dadu zake, akasoma jumla, akakaa kimya.

Huyu ndiye aliyeandika kurasa mbili kuhusu upanga aliorithi mhusika wake. Ngazi ya kwanza alikuwa ananieleza mguu upi unatangulia anapopiga. Dakika ishirini baadaye mwizi akasogea kukagua kufuli la mnara, na kabla hajarusha dadu, Mshika Taa akasema, "Ngoja nimulike kwanza." Mwizi akairudisha dadu kwenye kifuko chake.

Hakuna aliyelalamika, na ukimya huo ndio unaoniumiza. Nimefikiria kupunguza dadu za Mwanga Mkali kutoka 5 hadi 4, au kumpa mpiganaji upanga wenye nguvu za ajabu. Lakini anayecheza Mshika Taa hajakosea lolote. Amefuata kanuni nilizompa mimi, na kumnyang'anya kitu katikati ya safari naona ni kumvunjia uaminifu. Mngefanyaje?

---

DaduYaIshirini:

Mkuu, kabla hujagusa dadu hata moja, tuhesabu kidogo, kwa sababu nadhani unataka kutibu mahali pasipouma.

Mpiganaji wa ngazi ya 6 mwenye nguvu 18 anaongeza 7 kwenye dadu yake ya kupiga, ile ya pande 20. Dhidi ya kinga 15 anahitaji kupata 8 au zaidi, yaani anafanikiwa asilimia 65. Upanga wa mikono miwili unatoa wastani wa 11 kwa pigo, naye ana mapigo mawili. Hiyo ni karibu 14.3 kwa raundi. Mwanga Mkali wa dadu 5 una wastani wa 17.5. Tukichukulia nusu ya maadui wanajinusuru, kila mmoja anaumia kama 13, na wakiwa wanne ni 52 kwa mpigo mmoja. Mafuta 12 yanamtosha kuwasha mara nne.

Sasa tazama siku ya safari yenye pambano moja la raundi tatu. Mpiganaji anatoa 43, na akitumia ule msukumo wake wa kupata tendo la ziada anafika 57. Mshika Taa anatoa 157. Hapo mtu lazima akate tamaa. Lakini kitabu cha mwendesha mchezo cha 2014 kinakadiria kwamba kundi linaweza kukabili mapambano 6 hadi 8 ya wastani au magumu kwa siku, na mapumziko mafupi kama mawili katikati. Weka mapambano sita. Mpiganaji anapiga raundi 18, msukumo wake unarudi kila mapumziko mafupi, jumla inafika 300 hivi. Mshika Taa anawasha mara nne, halafu raundi 14 zilizobaki anapiga kwa fimbo, tuseme 4 kwa raundi. Jumla yake ni karibu 266. Klasi ile ile, dadu zile zile, na mpiganaji yuko mbele.

Kwa hiyo swali langu la kwanza: meza yako hupigana mara ngapi kabla ya kulala? Nikikisia, ni mara moja au mbili. Kitu kinachorudi usiku na kitu kisichoisha kamwe vinapimana kwa urefu wa siku. Ukiifupisha siku, umeshachagua mshindi kabla dadu haijaanguka.

La pili ni upofu, na hapa ndipo ningegusa. Kumuumiza adui kidogo kidogo si kumwondoa. Walinzi wako wanne, wakiwa na uhai 40, wakipata 13 kila mmoja bado wako wanne na bado wanapiga. Upanga unaomwangusha mmoja umeondoa mapigo yake yote yajayo. Hiyo ndiyo thamani ya mpiganaji, na upofu unaimeza, maana kipofu anapiga kwa shida na anapigwa kwa urahisi. Umeweka madhara mapana na kumlemaza adui ndani ya tendo moja kwa bei moja. Vitenganishe. Madhara vipimo vitatu, upofu kwa adui mmoja vipimo viwili, na achague. Wabunifu wa Pathfinder, mchezo mwingine wa aina hii, katika toleo lao la pili la 2019 waliliona jambo hili: athari za kumtoa mtu mchezoni zina alama maalumu, na kiumbe aliyewazidi wahusika sana ngazi anapata nafuu dhidi yake.

Jambo moja la kumpa moyo mpiganaji wako: akimpiga adui aliyepofuka anarusha dadu mbili na kuchukua kubwa, kwa hiyo ile asilimia 65 inapanda hadi karibu 88. Kila raundi anapata pointi tano zaidi kwa msaada wa taa. Mwambie.

---

NgaoYaMbao:

Ndugu DaduYaIshirini, hesabu zako nimezisoma mara mbili na sioni kosa. Ila hiyo sentensi ya mwisho nakuomba uifikirie tena.

Nimecheza wapiganaji kwa miaka mingi, karibu kila kampeni, yaani safari ndefu ya vikao vingi, niliyowahi kukaa. Siku mwendesha mchezo aliponiambia, "Unajua, kwa sababu ya mchawi sasa unapiga vizuri zaidi," nilirudi nyumbani nikiwa nimechoka kuliko siku niliyokufa. Asilimia 88 anapewa na mwingine. Hakuichagua, haikumgharimu kitu.

Mwulizaji ameandika jambo zito bila kulikazia. Alimwuliza mpiganaji, "Unafanya nini?" naye akajibu, "Napiga." Mimi hapo sijali alitoa 14 au 40. Mchezaji wa Mshika Taa, kila zamu, ana maswali manne kichwani: nitumie mafuta au niyatunze, nimvute mwenzangu, niwashe sasa au nisubiri wakusanyike, nibakize kwa ajili ya mlango? Mpiganaji ana swali moja na tayari analijua jibu lake. Unaweza kumpa upanga unaotoa moto, na bado atasema "napiga", tena kwa sauti ile ile.

Naomba kuuliza: mpiganaji wako alichagua njia ipi, yaani tawi lipi la klasi yake, ngazi ya tatu? Nahisi ni Bingwa, yule anayepata pigo kuu, lenye dadu maradufu za madhara, kwenye 19 na 20. Ni njia nzuri kwa mtu anayetaka kurusha dadu na kupumzika, lakini haina uamuzi ndani yake. Njia ya Mbabe wa Vita kwenye kitabu hicho hicho inampa dadu nne za pande 8 na mbinu tatu za kuanzia, anazochagua mwenyewe kati ya kama hizi: kumwangusha adui, kumsukuma, kumpokonya silaha, kumpa mwenzake nafasi ya kupiga. Dadu zinarudi kwa mapumziko mafupi. Mtu aliyekueleza mguu upi unatangulia hakuumbwa kwa njia ya Bingwa. Alikuwa anatafuta uamuzi, na kanuni hazikumpa pa kuuweka, basi akauweka kwenye maneno mpaka maneno yakaisha.

Na nje ya vita ni vibaya zaidi. Kasisi anazungumza na wafu, mchawi anasoma maandishi ya kale, taa inafichua uongo. Mpiganaji wa 2014 akitoka vitani karatasi yake karibu haina neno la kusema. Ukimwongezea madhara unamfanya awe mkubwa zaidi mahali ambapo tayari yupo. Mwongezee mahali ambapo hayupo. Akitazama walinzi wale wanne, aweze kukuuliza bila kurusha dadu: nani kati yao ni kiongozi, nani anaogopa, nani amejeruhiwa mguu. Na umjibu ukweli. Mtu aliyeishi na upanga anayaona hayo.

---

KaratasiNaPenseli:

Nimechelewa kufika ila mada hii naipenda mno, kwa sababu kila toleo la mchezo huu limeijibu kivyake, na kila jibu lilivunja kitu kingine.

Mwaka 1974 klasi zilikuwa tatu: mpiganaji, mchawi na kasisi. Hakuna aliyejaribu kuwafanya sawa katika kila ngazi. Usawa ulikuwa kwenye mwendo wa kupanda. Ukichukua toleo la msingi la 1981, mwizi anafika ngazi ya pili kwa alama za uzoefu 1,200, kasisi 1,500, mpiganaji 2,000, mchawi 2,500, na elf, kiumbe wa hadithi anayepigana na kuroga kwa pamoja, 4,000. Mchawi wa ngazi ya kwanza alikuwa na uganga mmoja kwa siku na dadu ya pande 4 kwa uhai wake. Aliyemlinda mpaka akakomaa alikuwa na haki ya kumwambia, "Bila mimi ungekuwa mfupa." Wengi waliona ni kanuni za ovyo. Mimi naziona ni kanuni zilizojua kwamba usawa unaweza kulipwa kwa muda.

Toleo la tatu la 2000 likaweka jedwali moja kwa wote: 1,000, 3,000, 6,000, 10,000. Rahisi kukumbuka, na breki moja ya mchawi ikaondoka kimyakimya. Toleo la nne la 2008 likaenda upande wa pili kabisa. Kila klasi, pamoja na mpiganaji, ikapata nguvu za wakati wote, za mara moja kwa pambano na za mara moja kwa siku. Lile tatizo la urefu wa siku alilolieleza DaduYaIshirini lilipungua sana, maana wote walichoka kwa kasi moja. Wengi wakalalamika kwamba klasi zote zinafanana mkononi. Nililicheza kwa muda mrefu na bado nalitetea: mpiganaji wa 2008 aliweka alama juu ya adui na kumfanya ajute kumgeukia mtu mwingine. Ile ilikuwa kazi yenye jina.

Tena kuna waliosema usawa wenyewe si lazima. Ars Magica ya 1987, mchezo mwingine wa aina hii wa Jonathan Tweet na Mark Rein-Hagen, inakubali wazi kwamba mchawi anawazidi wote. Dawa yake ni kwamba kila mchezaji ana mchawi na mhusika mwingine wa kawaida, askari wa kundi wanachezwa na yeyote, na mnapeana zamu ya nani anatoka na mchawi wake safari hii. Tweet huyo huyo ndiye aliyeongoza ubunifu wa toleo la tatu la Dungeons & Dragons.

Lakini nimekuja hasa kumtetea mwizi, maana nyote mmempita. Mwizi aliongezwa 1975. Kabla yake, kila mhusika angeweza kusema, "Napapasa sakafu kwa fimbo nione kama kuna mtego." Alipopewa asilimia zake za kutegua mitego, mezani kwangu na kwa wengi niliowajua wengine wakaanza kuamini hawaruhusiwi kujaribu. Klasi mpya haiongezi tu, inazungushia uzio kitu ambacho awali kilikuwa cha wote. Mshika Taa wako amezungushia uzio kitu kilichokuwa cha mwizi pekee, na yeye hata hana haja ya kurusha dadu. Mwizi anaweza kushindwa, taa haishindwi. Hapo hakuna hesabu ya madhara itakayokusaidia. Mwanga uoneshe kwamba kitu *kipo*: vumbi limevurugwa hapa, hewa inapita pale. Kukijua ni nini na kukitegua, mwachie mwenye vidole.

---

MshumaaMezani:

Nimerudi wakuu. Tumecheza vikao vitatu tangu mlipoandika, nikaona nisiwajibu kabla sijajaribu.

DaduYaIshirini, ulikisia sawa. Nilipitia daftari langu: katika siku kumi na moja za safari, tisa zilikuwa na pambano moja tu. Mimi hupenda pambano kubwa lenye ramani nzuri, basi naandaa moja na kulipamba. Sikuwahi kufikiri kwamba uvivu wangu wa kuchora ramani ndogo ulikuwa unamlipa mtu mmoja mezani na kumkata mwingine. Sita siwezi, vikao vyetu ni vya saa tatu. Nilichofanya ni kubadilisha usingizi: mafuta hayarudi usiku, yanarudi wakifika mahali penye paa na mlango unaofungwa. Usiku wa porini unahesabika kama mapumziko mafupi. Siku moja ya kanuni sasa inachukua vikao viwili, na ndani yake tunapata mapambano manne au matano.

NgaoYaMbao, ni Bingwa kweli. Nilimpigia simu kabla ya kikao, nikamwambia anaweza kubadili njia bila kulipia chochote. Alinyamaza kidogo, akaniuliza kama mbinu ya kumpa mwenzake nafasi ya kupiga inafanya kazi kwa mwizi. Nikamwambia inafanya kazi vizuri mno kwa mwizi, kwa sababu shambulio lake la kuvizia linahesabiwa mara moja kwa kila zamu, na hiyo inakuwa zamu ya mtu mwingine. Nilimsikia akiandika.

Mshika Taa nilikaa naye ana kwa ana. Nilimwambia kosa ni la mbunifu. Tulitenganisha madhara na upofu kama mlivyoshauri, na ile nguvu ya kumulika sasa inaonesha dalili tu. Nilidhani ataumia. Akasema yeye mwenyewe alikuwa ameanza kutunza mafuta makusudi ili wengine wapate zamu, na kwamba kujizuia kila wiki kulimchosha. Hilo sikulitegemea kabisa. Wiki zote hizo nilikuwa namhurumia mtu mmoja, kumbe wawili walikuwa wanaugua ugonjwa ule ule kutoka pande mbili.

Kikao cha jana walikuwa ndani ya ghala la chini ya ardhi, siku ya pili bila paa, mafuta yamebaki vipimo viwili. Maadui watano na kiongozi wao nyuma ya pipa. Mpiganaji akaomba kujua nani anatoa amri, nikamwonesha. Akamgeukia Mshika Taa akasema, "Mpofushe yule tu, hao wengine niachie." Mafuta yakaisha hapo hapo. Akamsukuma mmoja kutoka mlangoni, kisha akampa mwizi nafasi, mwizi akarusha dadu sita kwa mkono mmoja. Raundi mbili baadaye walikuwa wanabishana wote watatu juu ya nani asimame wapi, na mimi nilikaa tu nasikiliza.

Kimebaki kitu kimoja na bado nawahitaji. Kasisi ameniuliza kama naye anaweza kubeba taa ya kawaida, ya kwenye orodha ya mizigo, na mchezaji wa Mshika Taa akasita. KaratasiNaPenseli, ule uzio ulioutaja nadhani nimeuona kwa macho. Nikiruhusu kila mtu amulike, klasi inabaki na nini cha kwake? Nafikiria kwamba taa ya kawaida ioneshe njia, lakini vivuli vinavyosogea vionekane kwa taa yake peke yake. Tutakutana tena Jumamosi, na nataka niwe na jibu kabla hawajaingia kwenye mahandaki.